Kikapu cha Safari ya Dar

Juzi, stendi ya Korogwe, kijana mmoja alichungulia kikapu changu akacheka. "Mama, kuku wote hao wa nini? Dar tunafika mchana huu huu."

Sisi kule Sindeni umbali tuliupima kwa chakula. Baba alipokwenda Mwanza, mama alikaanga kuku na maandazi mpaka nyumba nzima ikanuka mafuta. Aliyekwenda mnadani hakubeba kitu.

Alasiri moja, nikiwa mtoto mdogo, lori la kijiji cha ujamaa lilikuwa likinguruma nje, limpeleke mama Korogwe akapande treni. Jikoni moto ulikuwa umezimika. Mkononi alishika chupa moja tu ya uji mwepesi.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Dar, mwanangu. Hospitali."

Nikajua Dar ni hapo tu, atarudi jua halijazama. Nilirudi kucheza hata kabla vumbi la lori halijatulia. Bibi alikuwa ameegemea mlango, analia.

"Usilie, bibi. Si mbali, hajabeba chakula."

Akafuta machozi kwa pindo la khanga. "Kweli, mjukuu wangu. Si mbali."

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba koo la mama lilikuwa limeziba, tonge halipiti. Alizikwa hukohuko.