Sinia Halijatimia

Mwezi uliopita jirani yetu wa kule nyumbani Shika Adabu, yule anayemwangalia mama, alinipigia simu niko kazini Nairobi. Hakuzunguka. "Mamako hali," akaniambia. "Ukimwekea chakula yuwakitazama tu. Njoo umuone, mwanangu." Niliomba ruhusa, nikashuka pwani.

Kwetu, rafiki yangu, chakula cha jioni kilimngoja mtu. Baba alikuwa kibarua bandarini, na feri ikimchelewesha yeye imetuchelewesha sote. Mimi kifungua mimba nimekwisha kukuna nazi hadi kiuno chaniuma. Papa ametokota kwa ndimu na pilipili, harufu imefika kwa majirani. Sima imefunikwa kwa kawa katikati ya mkeka, na hakuna anayethubutu kunyoosha mkono. Kaka yangu anayenifuata, mlafi, Mungu amsamehe, alikuwa akilia machozi kabisa. Mama hakujali. "Sinia halijatimia," alisema, basi.

Lakini ukichelewa wewe, ulingojwa wewe pia. Siku moja mazoezi ya kwaya yaliniweka kanisani hadi giza likaingia. Nikawakuta wote wamelizunguka sinia, chakula kimepoa, kaka amenuna mdomo huu. Hakuna aliyenigombeza. Nilisogezewa maji ya kunawa, nikajiona mtu.

Baba akiomba, kaka alifumba jicho moja, la pili liko kwenye mkia wa papa. Kisha mikono ikaingia. Mama hakutuuliza siku ilikuwaje, alitazama mikono. Mkono uliochelewa kurudi siniani ulikuwa na homa, au umechapwa shuleni, au mwenyewe ana jambo. "Wewe, mkono wako leo mzito. Una nini?" Ungeficha wapi? Na mimi na kaka tukigombana, alitukalisha bega kwa bega na bakuli moja la mchuzi kati yetu. Utamnunia vipi mtu mnayechovya naye pamoja? Sima haijaisha, tushaanza kuchekana.

Baba tulimzika. Mdogo wetu wa kike yuko Uarabuni, analea watoto wa watu. Kaka yuko Kisauni, si mbali, ila baada ya matanga tulitupiana maneno mabaya, na hatujakaa mkeka mmoja tena. Mimi huko Nairobi nala nimesimama jikoni, simu mkononi. Siku nyingine sikumbuki nilikula nini.

Nilimkuta mama amekonda hadi nikaogopa kumkumbatia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wenzako waja?"

Kumbukumbu zimeanza kumtoka. Jirani alikuwa ameniambia, lakini kuambiwa si kuona. Niliingia jikoni nikapika papa kama zamani. Nikampigia kaka, simu iliita hadi ikakatika. Nikamwandikia kwamba mama hali, aje. Ujumbe aliusoma, hakujibu. Nikatandika mkeka, nikaweka sinia, nikamnawisha mama. Akakunja mikono mapajani akangoja.

Nyumba ni ileile, hata kawa bado lipo. Watu wa kungojwa ndio hawapo, na mama peke yake hajui. Nikageuza uso asinione.

"Kula, mama, chakula kinapoa."

"Bado. Babako hajaja. Na wale watoto je?"

Nilibembeleza. Niliomba. Nilimega tonge nikampelekea mdomoni, akafunga midomo. Daktari alikwisha mwonya jirani kwamba akiendelea hivi hatuna mama. Mwisho nikaona afadhali nimdanganye, mradi ale.

"Wamekwisha kula wote, mama. Umebaki wewe tu."

Alininyang'anya lile tonge, nikadhani nimeshinda. Akalishika kidogo, kisha akalirudisha siniani, macho yamejaa maji.

"Wamekula bila kuningoja?" akaniuliza. "Nimewakosea nini?"