Kusukuma Mara Tatu

Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha kuhesabu. Wiki moja kabla ya ndoa aliniita nyuma ya nyumba yake, hapa Songo. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na hakuinua macho.

"Sikiliza, mutoto wa kaka yangu. Bibi yako atakusukuma mukono. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usiogope. Ile iko adabu. Binti asiyesukuma, watu watasema alikuwa amezoea."

"Na kisha ya tatu?"

"Kisha ya tatu iko bibi yako, hapana mugeni."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mchumba wangu ishirini na mitatu. Mimi ni fundi viatu. Niliacha shule nilipomaliza la sita, na tangu hapo ninakaa kwenye kigoda kando ya soko. Watu wengi ninawajua zaidi kwa miguu kuliko kwa uso. Kazi hiyo inanifaa kwa sababu hainidai maneno. Mteja anaonyesha palipopasuka, nami ninashona. Nilifikiri ndoa nayo itakuwa hivyo, kwamba mtu atanionyesha.

Basi nilihesabu. Ninaona haya kuandika jambo hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nililala kando ya mke wangu nikihesabu kama mtoto wa la kwanza. Alisukuma mara moja, mbili, tatu, kisha akatulia. Asubuhi hakuna aliyesema kitu. Alinipa chai, nikanywa, nikaenda sokoni. Miezi miwili ikapita hivyo. Sikujua kama anapenda au anavumilia, na sikuuliza.

Jumapili moja, baada ya kanisa, mvua kubwa ilinyesha mchana tukajifungia ndani. Nilinyoosha mkono. Akausukuma. Nikangoja, nikarudia, akausukuma tena. Mara ya tatu alisukuma akasema polepole, "Bado." Kisha akasukuma mara ya nne. Badala ya kumsikia yeye, nikafikiri shangazi alikosea hesabu. Niliendelea. Baadaye nikasikia mwili wake umekuwa mgumu kama ubao, uso umeelekea ukutani, macho wazi. Hapo niliacha, lakini nilikuwa nimechelewa kuacha. Aliinuka, akatoka, akaanza kuosha sahani zilizokuwa safi tangu asubuhi, mvua ikimpiga mgongoni.

Kesho yake alisema ndege wameshukia mpunga wa mama yake kule Kiringye, anakwenda kusaidia kuwafukuza. Alifunga vitenge vitatu. Kwa kazi ya siku chache kimoja kingetosha.

Siku zilizofuata sikuweza kukaa wala kusimama. Niliinuka kwenye kigoda, nikaenda mpaka barabarani, nikarudi, nikasahau nilichokwenda kutafuta. Nilishona soli ya kushoto kwenye kiatu cha kulia, na mwenye kiatu akaniuliza, "Fundi, minye ninaenda mbele, na hii kiatu yako inaenda wapi?" Watu walicheka. Niliandika ujumbe kwenye simu. Kwa uandishi wangu ulinichukua tangu saa sita mpaka saa tisa, na ulikuwa maneno mawili tu: "Uko muzima?" Alijibu, "Niko. Ndege iko mingi." Niliyasoma maneno hayo mara nyingi, nikitafuta ndani yake kitu ambacho hakikuwemo.

Nilikwenda kwa shangazi. Nilimuuliza, "Na kama amesukuma mara ya nne?"

"Ya nne gani? Minye sikukuambia ya nne."

"Ndiyo ninakuuliza."

Aliweka sombe chini. "Ile sijui," alisema. "Minye mwenyewe hakuna aliyeniuliza." Kisha akaniambia nimpelekee mke wangu kitenge, atarudi. Sikununua kitenge. Alhamisi nilipanda pikipiki kwenda Kiringye mikono mitupu.

Mama mkwe alinipokea mlangoni, akitazama pembeni kwa heshima, nami nikatazama miguu yake.

"Mukwe, karibu. Kama ulikuya kula, chakula bado. Kama ulikuya kufukuza ndege, shamba iko pale."

Kamba ndefu imevutwa juu ya mpunga toka upande huu hadi ule, na makopo yamefungwa juu yake. Ukivuta, makopo yanalia na ndege wanaruka. Ni ndege wadogo wenye midomo myekundu, wanaoshuka wengi kwa pamoja. Kila mtu anakaa kwenye mwisho wake wa kamba, na akiuacha, upande ule unaliwa. Mke wangu alikuwa upande wa kule. Nikashika upande wa huku. Ndipo nilipomsikia akipaza sauti, "Haaa! Toka! Toka!" Shamba zima lilimsikia. Miezi miwili ndani ya chumba kimoja sikujua kama ana sauti ile.

"Nilikuya kuomba musamaha," nilisema.

"Sisikii!"

Nilitazama mashamba ya jirani. Watu walikuwepo. "Nilikuya kuomba musamaha!"

Mama mmoja wa shamba la pili aliita, "Bwana harusi! Huyo hana mabawa, hataruka! Fukuza ndege!" Wenzake wakacheka. Nilivuta kamba mpaka kopo moja likakatika.

Jua lilipokuwa kali ndege walijificha, na majirani wakaenda kivulini kula. Sisi tulibaki, kila mtu kwenye mwisho wake. Yeye ndiye aliyeanza.

"Siku ile ya mvua, nilisema bado. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Sasa?"

"Nilikuwa ninahesabu."

"Unahesabu nini?"

Nilimweleza yote, kwa sauti, maana kwa umbali ule hakukuwa na namna ya kunong'ona. Ndege wachache walishuka upande wake, hakuwafukuza.

"Shangazi yako aliniambia nisukume tatu," alisema, "hata kama ninataka. Kumbe ni mutu mumoja alitupanga wote wawili."

"Zile siku zingine ulikuwa unataka?"

Alivuta kamba, ndege wale wachache wakaruka. Nilijuta kuuliza, kisha nikajuta kwamba sikuwa nimeuliza siku ya kwanza.

"Zingine ndiyo. Zingine hapana. Lakini ile ya mvua ilikuwa hapana kabisa, na weye ulisikia."

"Nilisikia," nilirudia.

Kisha nikasema wazo lililonijia, kwamba tungeweza kupatana ishara kama ile ya kamba, avute mkono wangu mara moja akitaka, mara mbili asipotaka, ili tusiaibike kusema.

"Hapana. Minye si ndege. Utaniuliza na kinywa."

"Na ukinyamaza?"

"Nikinyamaza iko hapana. Tukianza na nikikuambia acha, unaacha palepale. Na kusukuma kwa adabu, ile ninaacha leo."

"Na siku unataka?"

Alinigeuzia mgongo, akawafukuza ndege ambao hawakuwepo. "Haaa! Toka!" Halafu, bila kugeuka: "Nitasema. Lakini usiniangalie."

Jioni nilimuuliza kama atarudi. Akasema mpunga haujavunwa. Nilipanda pikipiki na jibu hilo, nikaligeuza njia nzima, na wiki tatu baadaye nilikuwa bado ninaligeuza.

Alirudi siku ya soko, alasiri. Nilikuwa nimeinama, nikaona miguu yake yenye vumbi kabla ya kuona uso, na sindano ikanichoma kidole. Alikuwa na vitenge vyote vitatu na mfuko wa mchele mpya.

Siku chache zilipita. Alasiri moja, tukiwa nyumbani, nilimuuliza. Maneno yalitoka vibaya, ya nyuma yakitangulia mbele, na katikati nilikohoa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Leo hapana," alisema.

"Sawa."

Nilichukua kiatu nilichokuwa nimeleta, nikaendelea kushona. Nilitega sikio nisikie kama kuna ukali au huzuni katika mwendo wake, sikusikia. Alikuwa anapepeta mchele. Kisha ungo ukasimama.

"Na weye?" aliniuliza. "Zile siku zote, weye ulikuwa unataka kila mara?"

Niliinua kichwa. Shangazi hakuwa amenifundisha kwamba mwanaume naye anaweza kuulizwa. Nilikumbuka siku nilizorudi nimechoka, nikanyoosha mkono kwa sababu nilidhani ndivyo anavyotegemea.

"Ngoja," nilisema. "Ninafikiri."

Aliweka ungo chini, akangoja.