Mpangaji Aliyeisuta Kompyuta

Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma huandika programu ya kuiunganisha kompyuta na mashine ya kupima mapigo ya moyo. Hufanya kazi peke yake, miguu ameikunja juu ya kiti, akiisuta kompyuta kwa sauti ya chini: "Mwongo wewe, soma upya." Siku moja alinieleza. "Babu, kompyuta hujiwekea nakala ya kipimo karibu, isihangaike kwenda mbali. Mashine ikileta kipimo kipya, kompyuta haina habari. Inakusomea cha zamani, tena bila wasiwasi. Ndipo naiamuru: kwa mashine hii, usishike nakala."

Jana nilimpelekea chai, nikamkuta akiandika huku akizungumza na mama yake, simu ameilaza mezani, sauti ameifungulia.

"Mkwe wangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakusalimu."

Nikainamisha macho, kwani mumewe huyo alikwisha kuhama na masanduku yake langoni kwangu tangu kabla ya mvua.

"Salamu zake huletwa na upepo? Hebu mpe simu nimsikie mwenyewe."

Mpangaji wangu akaacha kuandika. Akaitwaa simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na midomo.

"Mama," akasema, "kaa kitako kwanza."