Tonge la Mwezi

Juzi alasiri, nikianika nguo, niliona kipande cha mwezi juu ya paa, cheupe kama ganda la yai. Nikacheka peke yangu.

Alasiri kama hiyo, nilipokuwa mtoto, uani kwetu Kasingirima palinukia mawese na dagaa wa kukaanga. Mama alitaka twende tukasali kwenye kanisa la zamani lililo ufukweni mwa ziwa, upande wa Mwamgongo. Sisi watoto tulitaka kuogelea mbele ya kanisa hilo.

“Tutakwenda mwezi ukiwa mkubwa,” alisema baba, akishona wavu. “Sasa bado mwembamba.”

Leo najua kwamba mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa za wavuvi, na boti ya baba hupumzika, ikaweza kutubeba sisi. Siku ile nilielewa tu kuwa safari yetu inasubiri mwezi unenepe. Nikakata tonge la ugali, nikaliweka juu ya jiwe la kufulia.

“Hilo la nani?” mama aliuliza.

“La mwezi, mama. Ule unenepe, twende upesi.”

Hakucheka. Aliinamia kikaango, akachota dagaa, akawapanga taratibu juu ya tonge langu.

“Ugali mkavu haunenepeshi, mwanangu.”