Pombe ya Asali na Meza ya Bwana

Sijawahi kulipenda neno "inasemekana". Hata hivyo, neno hilo liliingia katika baraza la wazee wa kanisa letu hapa Noonkopir, ambalo mimi ndimi mwenyekiti wake, likiwa limebeba shauri la jirani yangu, mzee wa Kimaasai niliyewekewa mikono pamoja naye. Ilisemekana kwamba alikunywa pombe katika harusi ya kimila ya binti yake, huko kwao Kajiado. Kanuni yetu ni fupi: mzee wa kanisa aonjaye kileo huwekwa kando ya Meza ya Bwana. Na Meza ilikuwa Jumapili iliyofuata.

"Nani alimwona?" nikauliza.

"Watu," akajibu karani.

"Watu si shahidi."

Kesho yake nikaenda mwenyewe. Nilimkuta langoni mwa boma, ng'ombe wakitoka.

"Supai," nikamsalimu kwa lugha yake.

"Ipa. Mwalimu, umekuja kama jirani ama kama askari?"

"Ulikunywa?"

Akacheka. "Hata chai hungoji! Wewe ukifika mbinguni utauliza malaika kitambulisho."

Sikucheka. Basi akanieleza. Binti anapoondoka, baba hutia kinywani pombe ya asali na kumnyunyizia kichwani na kifuani. Ndiyo baraka; bila hiyo, wakwe huhesabu kwamba wamepewa mtoto asiye na baba.

"Niliomba nitumie maziwa," akasema. "Kaka yangu akakataa mbele ya wageni wote. Mtoto amepiga magoti, ananiangalia. Basi nikaweka kinywani, nikamwombea kwa jina la Yesu, nikanyunyiza. Sikumeza."

"Lakini ulionja."

"Ulimi si jiwe, mwalimu."

Nilitembea hadi kwenye ua wa miiba na kurudi. Nikamwambia ningeweza kulieleza baraza kwamba hakunywa, na ingekuwa kweli.

"Hiyo ni nusu," akasema. "Peleka yote. Wakiniweka kando, nitakaa kando. Nilikula kiapo kutii hao wazee, sikusema nitawatii wakinipendeza."

Nikapeleka yote. Baraza likagawanyika katikati, na kura ya mwenyekiti ndiyo iliyoamua. Niliyewafundisha watoto wa watu kwamba sheria haisomwi kwa kuangalia sura ya mshtakiwa, ningepiga kura gani nyingine? Nilimweka kando. Ushahidi ulikuwa safi. Sikujua kwamba ushahidi safi unaweza kumnyima mtu raha kuliko umbea.

Jumapili alikaa benchi la mwisho, binti yake kando yake. Alikuwa ametoka kwa mumewe kuja kusali nasi. Nilikuwa nimebeba trei ya vikombe. Nilipowafikia, binti akatazama kikombe, akamtazama baba yake, akaficha mikono ndani ya leso.

"Kama baba hanywi, sinywi," akaninong'oneza.

Nilisimama pale na trei, kanisa zima likisubiri. Ni yeye, baba, aliyenena.

"Chukua, mama. Sikukubariki ili ukasirikie meza ya Mungu wako." Kisha akanigeukia: "Mwalimu, usitingishe, utamwaga."

Binti akanywa, machozi yakimtoka. Baba akainamisha kichwa kupokea kile ambacho sikumpa, sijui kutoka kwa nani.

Trei ilirudi na kikombe kimoja kimejaa. Mama anayeandaa Meza alikuwa amejaza na cha jirani yangu kama kawaida, hakuna aliyemwambia kwamba amewekwa kando.

"Lete nimwage, mzee," akasema baada ya ibada, maana kwa desturi yetu masalio humwagwa ardhini.

Nikamkatalia. Nilizunguka kanisa mara kadhaa nikiwa nimekishika, suti ikinichoma kwa jua, nikiyapitia maneno ya kanuni moja baada ya jingine na kutoona kosa lolote ndani yake. Mwishowe nilikimimina mwenyewe kando ya ukuta. Udongo ule mkavu ulikunywa papo hapo, nami nikabaki nimesimama na kikombe kitupu, nikimsikia jirani yangu upande wa pili akiwaaga watu kwa furaha, mmoja mmoja, kama mtu asiyedaiwa na yeyote.