Kitufe cha Kunyamazisha

Mke wangu alilazwa katika hospitali moja hapa Kisumu kwa ugonjwa wa mapafu. Watoto wetu wako mbali, kwa hiyo mimi ndiye niliyeshinda naye wodini, nikimnywesha uji na kumgeuza. Alikuwa amewekewa mrija wa oksijeni puani, na kando ya kitanda kulikuwa na mashine iliyopima hewa mwilini mwake kupitia kibanio cha kidoleni. Alipokohoa, ililia. Alipojikuna, ililia. Vitanda vingine navyo vilikuwa na zao, na nesi alikuwa mmoja tu.

Mwanzoni kila ilipolia alikuja, akarekebisha kibanio, akabonyeza kitufe cha kunyamazisha, akaondoka. Baadaye akawa hatoki haraka alikokuwa. Simlaumu. Nilimwona akila chapati amesimama, akaitwa, akaiacha nusu dirishani.

Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mwanawe kitanda cha pili aliniambia, "Mzee, usimsumbue sista wa watu. Bonyeza hapo, itanyamaza."

"Tunaruhusiwa?"

"Sisi wote tunabonyeza. Wewe unangoja barua?"

Nikabonyeza. Ilinyamaza kidogo, ikaanza tena, nikabonyeza tena. Niliona ni adabu kumpunguzia kazi mtu aliyechoka. Na niseme ukweli, mimi pia nilikuwa nimechoka. Baada ya siku chache mkono wangu ulikuwa ukienda wenyewe, bila macho kufuata.

Alasiri moja nilikuwa nikizungumza na yule mama habari za omena, wale dagaa wa ziwani, na jinsi mvua inavyoiozesha kwenye nyavu za kuanikia. Mashine ikalia, nikabonyeza. Ikalia, nikabonyeza. Yeye ndiye aliyekatiza mazungumzo.

"Mzee, mbona midomo yake imekuwa hivyo?"

Ilikuwa ya kijivu. Mrija wa oksijeni ulikuwa umechomoka puani na kulala shingoni.

Tulipopiga kelele nesi alikuja mbio. Aliurudisha mrija, akamwinua mgonjwa, akaongeza hewa. "Vuta, Mama. Vuta tena." Aliendelea hivyo mpaka midomo ikapata rangi. Ndipo akaigeukia mashine.

"Nani amenyamazisha hii?"

"Ni mimi, sista. Na si leo tu."

Nilingoja kufokewa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Hata sisi tunazinyamazisha, Baba. Kengele ya uongo na ya kweli zinalia sawasawa, mpaka masikio yanakufa."

Alimwita mkubwa wake. Wakaondoa kile kibanio kilicholegea na kuweka cha kunata. Wakarekebisha kiwango kinachoifanya mashine ilie, kilingane na mapafu ya mgonjwa mwenyewe, kwani kilikuwa kimewekwa kama cha mtu mwenye afya. Kisha wakatutangazia wote: mtu asiguse kitufe; ikilia, mtazameni mgonjwa na mumwite nesi. Kiti changu kikahamishiwa upande wa pili, mbali na kitufe.

"Vidole vyake ni baridi, na mashine haisomi vizuri vidole baridi," nesi aliniambia. "Kazi yako ni kuvipasha joto."

Jioni mke wangu alifumbua macho. Alikuwa amesikia mengi kuliko nilivyodhani.

"Jaduong', mzee wangu, ulitaka nitangazwe kwenye redio pamoja na marehemu wengine?"

"Usiongee. Vuta hewa."

"Wewe kila kitu unataka kinyamaze."

Nilivifunika vidole vyake kwa viganja vyangu. Vilichelewa sana kupata joto.