Mayai Sita Ndani ya Tiramisu

Hapa ninapokaa nina jirani ambaye hukaanga kahawa yake mwenyewe kila Jumamosi asubuhi. Harufu ikipita dirishani huwa nasahau nilichokuwa nafanya, nasimama na ufagio mkononi kama mtu aliyeitwa jina. Wengine wakinusa kahawa hukumbuka ofisi. Mimi hukumbuka mayai, na bado naona haya, ingawa nakaribia miaka thelathini na nina mtoto wangu wa kumfundisha adabu. Ngoja niwaeleze, lakini msinicheke.

Mwaka wa 2008 nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, katika chumba kimoja chenye jiko la nje, mimi, Mama, na mdogo wangu Njoki aliyekuwa na miaka minne. Mama alikuwa mpishi katika hoteli moja kando ya Ziwa Elementaita, mpaka fujo za uchaguzi za mwanzo wa mwaka zilipowafukuza wageni. Hoteli ikafungwa, na wapishi wakaambiwa wangoje kuitwa. Mama alingoja hadi Juni. Kisha mwenzake wa zamani akampigia simu kumwambia kuna kazi Mombasa, afike kabla mwezi haujaisha. Sisi wawili tungepelekwa Subukia kwa Cucu, yaani nyanya yetu, mama yake Mama, na Mama tungemwona Krismasi.

Hakuna aliyeniuliza maoni yangu. Nilimpenda Cucu, lakini nilimpenda wakati wa likizo. Mama nilimtaka kila siku. Nililia chini ya blanketi, na nililia kimya kimya, maana Njoki akisikia mtu analia alikuwa anaanza naye, na yule hakujua kulia kwa sauti ya chini.

Ndipo Mama Hetal akaingia katika maisha yetu. Alikuwa na duka la vitambaa mjini Nakuru ambako Mama alinunua kitambaa cha sare zangu za shule, na alikuwa anajiandaa kufungua mkahawa mdogo katika chumba cha pili cha duka hilo. Aliposikia kwamba Mama amepika hotelini, alimuuliza wageni walipenda kitu gani kitamu kuliko vyote. Mama akamwambia ni tiramisu, akamweleza jinsi inavyopangwa, biskuti zilizochovywa kwenye kahawa, kisha malai, kisha biskuti tena, kisha malai tena, na unga wa kakao juu. Mama Hetal akasema amletee Jumamosi saa kumi, aonje yeye na mama mkwe wake. Ikiwapendeza, jiko ni la Mama, na habari ya Mombasa iishie hapo.

Mama alirudi nyumbani akiimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba nyumbani tangu Januari.

Sasa fikirini kupika chakula hicho Lanet, bila ovena wala friji. Kitu cha kwanza kilichotusumbua ni kahawa, na hapo ndipo mtacheka. Cucu alikuwa na shamba la kahawa Subukia, mistari na mistari, lakini nyumbani kwake hukupata hata kikombe kimoja cha kahawa. Kahawa ilichumwa, ikapelekwa kiwandani, ikaenda zake. Cucu alikunywa chai. Aliposikia tunataka punje za kunywa alishangaa sana, akasema kahawa ni ya kununulia mabati. Hata hivyo alitutumia mfuko mdogo wa punje zilizokauka, na Alhamisi Mama akazitwanga kwenye kinu kutoa maganda, akazikaanga kwenye sufuria kama njugu. Moshi ukajaa ploti nzima. Majirani walitoka kuuliza kama kuna kitu kinaungua.

Malai aliyapata kwa mama mmoja mwenye ng'ombe, akayapasha moto polepole, akakamulia ndimu, akayachuja usiku kucha kwenye kitambaa cheupe mpaka yakawa mazito. Biskuti alizioka kwenye sufuria kubwa, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko. Kundi la kwanza liliungua na likawa letu. Kundi la pili lilitoka rangi ya mchanga, na Mama akazihesabu mara mbili kwa sababu Njoki alikuwa karibu.

Yule mpishi Mwitaliano aliyemfundisha alikuwa akimimina pombe kali kwenye kahawa. Mama aliruka hatua hiyo. Alisema hawezi kuimba kwaya Jumapili huku mkono wake unanuka pombe, hata kama ni ya kupikia.

Ijumaa mchana tulifika kwenye mayai. Yalikuwa sita. Mama alitenga viini, akavipiga na sukari juu ya maji ya moto, nami nikapewa ule ute niupige kwa uma mpaka usimame. Nilipiga mkono huu, nikapiga mkono ule. Povu lilipoanza kuwa jeupe, nikakumbuka jambo ambalo lilinifanya niache kupiga.

Mwezi mmoja hivi nyuma nilikuwa nimetumwa dukani kwa Mama Hetal kuchukua vifungo. Njiani nilinunua yai la kuchemsha lenye kachumbari, nikaingia nalo mkononi. Mama Hetal hakunifokea. Aliniambia tu, "Wambui, maliza hiyo huko nje kwanza. Kwetu hatuli mayai, hata ndani hayaingii." Nikamalizia mlangoni, nikapangusa mikono kwenye sketi, nikasahau.

Mama akaniuliza mbona nimesimama. Nikamwambia mkono unauma. Akaniangalia kidogo, akasema nipumzike, kisha akachukua bakuli akaendelea mwenyewe. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa kusema. Lakini nilijua nikisema, keki imekwisha, na keki ikiisha, Mama ameenda Mombasa. Kwa hiyo nilijipa sababu. Nilijiambia mayai yakishapigwa hivyo si mayai tena, ni povu. Nilijiambia pia kwamba Mungu wa Mama Hetal ana kazi nyingi. Maganda ya mayai, ambayo siku zote tulisaga tukatupia sukuma wiki, siku hiyo Mama aliyafunga kwenye gazeti akayatupa chooni. Nilidhani ni usafi wa kihoteli.

Tuliipanga kwenye bakuli la kioo ambalo Mama alipewa siku ya harusi na ambalo halikuwa limewahi kubeba chakula. Mwenye kioski wa pale kwetu akatoa soda zake nusu kwenye friji ili bakuli lilale ndani, na kesho yake alitukabidhi akisema mwenyewe hajalala, anailinda.

Jumamosi saa kumi tulikuwa nyuma ya duka, kati ya mabunda ya vitambaa. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Mama mkwe, ambaye wote walimwita Ba, alikuwa bibi mdogo wa umbo mwenye sari nyeupe, ameketi kwenye kiti chenye mto. Aliniuliza jina langu, akalisahau, akaniuliza tena, kisha akanishika shavu kwa vidole baridi. Nilitamani asingenishika.

Mama akakata. Mistari ikaonekana vizuri, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, na Mama Hetal akatoa sauti ndogo ya kufurahi. Akasema mkubwa ndiye huanza. Akachota kijiko, akainama, na Ba akafungua mdomo kama Njoki anavyofanya akilishwa uji.

"Usimpe," nikasema. "Iko na mayai."

Kijiko kikasimama. Ba alibaki na mdomo wazi, akituangalia mmoja mmoja. Sikuthubutu kumwangalia Mama.

Mama Hetal alirudisha kijiko kwenye sahani taratibu. "Ni kweli?" akamuuliza Mama.

"Ni kweli. Sita."

"Hukujua sisi hatuli?"

"Sikujua, Mama Hetal," Mama akasema, akiangalia sakafu.

Mama Hetal alimtazama kwa muda, akanitazama mimi, akamtazama tena. Kisha akauliza kama anaweza kupika kitu hicho bila mayai. Mama akasema hajawahi.

"Basi jaribu. Jumamosi ijayo, saa kama hii."

Nilirudi nyumbani nikingoja kichapo. Kichapo hakikuja. Mama aliweka bakuli mezani, akamkatia mwenye kioski kipande chake, na sisi watatu tukala kilichobaki. Kilikuwa laini, kichungu kidogo, kitamu kwa ndani, na nilikila huku machozi yananitoka, maana sikujua kama nimeokoa kitu au nimekivunja. Mama alinipangusa uso kwa kona ya leso yake.

Kwa siku saba alijaribu na kuharibu. Aliongeza malai badala ya mayai, akajaribu maziwa mala kwenye biskuti, zikawa ngumu, zikawa mkate, mwishowe zikakubali. Jumamosi ya pili Ba alikula sahani mbili na kulamba kijiko. Mama alifanya kazi katika mkahawa ule miaka tisa. Hakuenda Mombasa, nasi hatukuenda Subukia isipokuwa likizo.

Mnaweza kukisia nilivyojivuna. Nilikua nikiamini kwamba ni mimi niliyeikomboa familia kwa ukweli wangu. Niliisimulia hadithi hiyo shuleni, nikaishuhudia kanisani mara mbili, na kila nikiisimulia nyumbani Mama alikumbuka kitu jikoni akainuka. Nilidhani hapendi kusifiwa mbele za watu.

Mwaka jana nilimtembelea, tukawa tunamenya minji, yaani njegere, na nikaanza tena kumsimulia binti yangu. Safari hii Mama hakuinuka.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijua nini.

"Kwamba hawali mayai. Miaka yote hiyo nanunua kitambaa kwao, ningekosaje kujua? Pombe niliitoa kwa ajili ya dini yangu. Mayai nikayaacha humo kwa sababu sikujua kuipika bila hayo, na sikutaka kuwaacha nyinyi." Akafungua ganda jingine. "Nilimdanganya yule mama machoni."

Nikamuuliza kama Mama Hetal aliwahi kugundua.

"Aligundua siku ile ile. Hukuona alivyoniangalia? Akanipa wiki moja, badala ya kunifukuza."

Binti yangu alikuwa akila minji mbichi, hakuelewa lolote. Mimi nilikaa na sufuria mapajani, na kitu ambacho nilikuwa nimekibeba kama sifa kwa miaka mingi kikanigeuka mikononi. Nilikuwa nimejiona mtoto aliyebeba siri peke yake Ijumaa ile, na kumwona Mama kama mtu mzima asiyejua. Kumbe tulikuwa wawili jikoni, tunaogopa kitu kimoja, na kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake mayai yale yale.